Ukurasa wa 211

Kitabu kilikuja na maboksi ya msaada,
kona moja imelowa, kinanuka mafuta ya taa
tangu stoo ya reli mpaka Kidato cha Tatu,
hapa Ng'ambo, Tabora.
Mwalimu wa Historia yuko likizo ya uzazi;
mimi ni wa Jiografia, nimeshikizwa tu kipindi.

Nikasoma, nikitafsiri kwa kusuasua:
jimbo moja la kusini mwa Marekani,
vita vimekwisha, pamba imekosa wa kuichuma bure,
na gavana anatafutwa kwa kura.
Wagombea wawili. Mmoja jenerali
aliyeshindwa vitani na bado akipita mjini
juu ya farasi kama aliyeshinda.
Wa pili wakili, mkavu wa maneno,
akiahidi shule na daraja.

Kisha foleni.
Ilianza kabla ya jogoo, kitabu kinasema:
wanaume (wanaume tu)
waliokuwa mali ya mtu miaka michache nyuma,
makoti ya kuazima,
wengine viatu mkononi, visichakae njiani.
Mbele ya mahakama wapanda farasi wenye bunduki
wakawa wanawaita kwa majina, polepole,
kila mmoja ajue kwamba anajulikana.
Foleni haikuvunjika.

"Mwaka gani, mwalimu?"
Ni Nyamizi Kasubi, dawati la dirishani.
Elfu moja mia nane sabini na...
tarakimu ya mwisho imeliwa na mchwa.
Akahesabu kitu vidoleni.
"Basi mwaka huo hapa kwetu walikuwa bado wanapita."
Hakusema akina nani.
Darasa zima likatazama sakafu.

Kutoka Ujiji, wiki kwa wiki,
pembe begani, mnyororo shingoni,
wakilazwa Kwihara wanenepe kidogo, bei isianguke,
halafu pwani.
Mama yake bibi yangu alibaki hapo.
Homa ilimshika, msafara haukumngoja,
akauzwa kwa pishi mbili za chumvi ya Uvinza.
Bibi, ukimuuliza kabila,
alikuwa akijibu "Mtu wa hapa"
na kukutuma maji.

Haya sikuwaambia wanafunzi.
Niligeuza ukurasa.

Mia mbili na kumi. Mia mbili na kumi na tatu.
Karatasi imechanwa vizuri, kwa mkono uliotulia;
pengine gavana mzima alifungiwa karanga
pale stesheni, abiria wa Mpanda akamtafuna njiani.
"Nani alishinda?" Darasa likalipuka.
Sijui. Nikasoma panapoendelea, katikati ya sentensi:
*masanduku matatu yaliyookotwa mtoni,
na kila mmoja akaapishwa kwa wakati wake.*
"Kila mmoja? Magavana wawili?"
"Nimesema sijui."
Kipepe akapiga meza: "Basi jenerali kaiba!"
Wengine wakasema wakili naye si wa kuaminiwa,
daraja lenyewe limejengwa?
Wakabishana mpaka kipande cha reli kikagongwa.

Nyamizi alibaki.
"Farasi wa jenerali kitabu kimemtaja jina," akasema.
Kweli. Nilikuwa nimelisoma kwa sauti bila kusita.
"Wa foleni, hakuna hata mmoja."
Akaomba kitabu Ijumaa ile.

Jumatatu akakirudisha kimefungwa kwenye kanga.
Pale palipochanwa amebandika
karatasi ya daftari kwa uji wa mahindi;
mistari ya buluu, kingo hazijalingana,
bado ina ubichi.
Juu ameandika 211 kwa kalamu nyekundu.
Chini yake hakuna kitu.

"Mbona tupu?"

"Naendelea kuuliza nyumbani," akasema.
"Wananituma maji."